Kamalondo, Nyumba ya Kunguru: Miaka 15 ya Uwanja wa TP Mazembe, 2011–2026

Tarehe 18 Desemba 2010, mjini Abu Dhabi, TP Mazembe ya Lubumbashi, timu inayoitwa Kunguru, iliingia kiwanjani kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu dhidi ya Inter Milan. Kabla ya siku hiyo, hakuna klabu yoyote ya nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini iliyowahi kufika fainali hiyo. Mazembe iliitoa kwanza Pachuca ya Mexico kwa 1-0, kisha ikaiangusha Internacional ya Brazil kwa 2-0, na dunia nzima ikamwona kipa Robert Kidiaba akisherehekea kwa kurukaruka ameketi, makalio juu ya nyasi. Inter ilishinda 3-0. Timu ikarudi Lubumbashi ikiwa ya pili duniani, na hapo ilikuwa bado inacheza mechi zake kubwa kwenye uwanja ambao si wake.

Miezi michache baadaye hali hiyo ilikwisha. Mwaka 2011 klabu ilifungua uwanja wake katika komini ya Kamalondo, wenye nafasi ya watazamaji 18,500. Katika nchi yetu, ambako viwanja vikubwa ni vya serikali na hubadilishwa majina kila utawala unapobadilika, klabu kujenga nyumba yake na kuiandika kwa jina lake ni tendo kubwa. Kwetu Maniema, huku Salamabila, Kasongo na Kabambare, tunaocheza mpira kwenye udongo mwekundu na kufuatilia Ligi ya Mabingwa kwa redio, historia hii inatuhusu kuliko umbali unavyoonyesha.

1939–2010: Klabu bila nyumba

Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenedikto wa Taasisi ya Saint-Boniface, mji ukiwa bado unaitwa Elisabethville. Walitaka vijana waliokuwa wakisoma pale wapate mchezo wa kuwaweka pamoja. Timu iliitwa kwanza Saint-Georges, halafu Saint-Paul, na ilipotoka mikononi mwa wamisionari ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi. Mwaka 1966 ilitwaa ubingwa kwa namna iliyowafanya watu waiongezee jina la Tout Puissant, Mwenye Nguvu Zote. Katika miaka ya 1970, siasa ya Uhalisi ya Mobutu ilipofuta majina ya kigeni, Englebert ikawa Mazembe.

Ubingwa wa Afrika ulikuja mapema. Mwaka 1967 fainali dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana iliisha kwa sare mara mbili, 1-1 na 2-2. Mchezo wa marudio ukapangwa, Kotoko hawakufika, na kombe likaenda Lubumbashi. Mwaka uliofuata Mazembe iliifunga Étoile Filante ya Togo 5-0 nyumbani, ikapoteza 4-1 ugenini, na ikawa klabu ya kwanza kutetea ubingwa wa bara. Mwaka 1980 ikaongeza Kombe la Washindi wa Afrika.

Baada ya hapo ukaja ukame mrefu. Gécamines, kampuni ya shaba iliyoubeba mji mzima, ilidhoofika, na mpira ukadhoofika pamoja nayo. Mwaka 1997 Moïse Katumbi alishika urais wa klabu, na kazi ya kuijenga upya ikaanza kwenye mambo yasiyoonekana kutoka jukwaani: mishahara kulipwa kwa wakati, safari kupangwa mapema, wachezaji kuletwa kutoka Zambia na kwingineko. Novemba 2009, baada ya miaka 41, Mazembe ikawa tena bingwa wa Afrika kwa kuiondoa Heartland ya Nigeria. Mwaka 2010 ikatetea taji kwa kuifunga Espérance ya Tunis 5-0 mjini Lubumbashi na kutoka sare 1-1 kule Tunisia.

Mabao hayo matano, na mikwaju ya penalti iliyoipa Super Cup mbele ya FUS Rabat Januari 2011, yote yalishuhudiwa kwenye uwanja wa Kibassa Maliba, katika komini ya Kenya. Huo ni uwanja wa mji, wenye nafasi ya watu wapatao 35,000, na zamani uliitwa uwanja wa Mobutu. Umeupa mji furaha nyingi na unastahili heshima yake. Lakini haukuwa wa klabu moja. Saint-Éloi Lupopo, watoto wa reli, mahasimu wa jadi tangu 1939, nao walicheza hapo hapo.

Klabu isiyo na uwanja huomba tarehe. Hufanya mazoezi mahali pengine na kuja kwenye mechi kama mgeni aliyezoea njia. Haiwezi kukarabati choo kilichoharibika wala kubadilisha nyasi, kwa sababu mwenye mali ni mwingine. Na Lubumbashi ina jambo moja zaidi: mvua. Masika yakishika, kuanzia Novemba, kiwanja cha nyasi za asili kinachotumiwa na timu kadhaa kila wiki hugeuka tope katikati ya mstari wa penalti na duara la kati. Fainali za Afrika, wakati ule, zilichezwa Novemba.

2011: Nyumba inafunguliwa, bara linafungwa

Kamalondo haikuchaguliwa kwa bahati. Ni miongoni mwa makazi ya kwanza ya Waafrika katika mji uliozaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Chini ya Wabelgiji iliitwa komini Albert. Wafanyakazi wa migodi na wa reli waliotoka pande nyingi za nchi, Maniema ikiwemo, walipita hapo, wakaoa hapo, wakaunda bendi na timu hapo. Kwa Mazembe, kujenga Kamalondo kulimaanisha kuwafuata mashabiki walipo.

Mwaka wa ufunguzi, hata hivyo, ulikuwa mchungu. Katika Ligi ya Mabingwa ya 2011 Mazembe iliitoa Simba ya Dar es Salaam kwa jumla ya 6-3, ikishinda 3-1 nyumbani na 3-2 ugenini. Simba ikakata rufaa kuhusu uhalali wa beki Janvier Besala Bokungu, na mwezi Mei CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikaiondoa Mazembe mashindanoni. Bingwa mtetezi alitolewa mezani, si kiwanjani. Kwa hiyo uwanja mpya, uliojengwa kupokea vigogo wa Afrika, ulibaki na ligi ya nyumbani tu kwa msimu huo uliosalia.

Kutoka kwenye balaa hilo, klabu ilipata zawadi ambayo haikuitarajia. Viongozi walimwona kijana wa Simba aliyewasumbua katika mechi zile mbili, na mwaka huo huo wakamsajili. Jina lake Mbwana Samatta. Thomas Ulimwengu, Mtanzania mwingine, naye akaja.

Kiwanja kwa karibu

Mtu anayefika Kamalondo kwa mara ya kwanza huuliza kuhusu nyasi. Ni nyasi bandia: nyuzi za plastiki zilizosimamishwa juu ya zulia, katikati yake pamejazwa mchanga na punje ndogo za mpira. Ukitembea juu yake unasikia punje zikisogea chini ya kiatu. Mchezaji akiteleza, punje huruka kama vumbi jeusi. Mvua ikinyesha, maji hupenya chini na kutoka, na nusu saa baadaye mpira unachezeka. Kwa mji wa mvua kama Lubumbashi, hilo peke yake lilitosha kuwa sababu.

Lakini nyasi hizo zina tabia zake. Jua la kiangazi likiwaka, plastiki hupata joto kuliko udongo, na nyayo huungua. Mpira hudunda juu zaidi na kukimbia haraka zaidi kuliko kwenye nyasi za asili, na pasi ndefu humpita mshambuliaji asiyeuzoea uwanja. Mazembe iliujenga mchezo wake juu ya kasi hiyo: pasi fupi, mawinga wenye mbio, presha mwanzo wa mechi. Ongeza mwinuko wa mji, mita kama 1,200 juu ya bahari, na utaelewa kwa nini timu zinazotoka pwani hulalamika miguu mizito dakika za mwisho.

Kazi ya kuutunza uwanja haionekani kwenye televisheni. Punje lazima zisawazishwe kwa brashi, la sivyo nyuzi hulala na kiwanja kuwa kigumu. Vumbi jekundu la Katanga lazima liondolewe kabla halijagandamana. Wapo watunza kiwanja, mafundi wa maji na umeme, walinzi wa milango, wauza tiketi, watu wa huduma ya kwanza, na msimamizi anayefika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Katika historia yoyote ya uwanja, hao ndio hustahili kutajwa kabla ya wafungaji.

Majukwaa yako karibu na mstari. Hakuna njia ya riadha inayowatenga watazamaji na wachezaji. Kona ikipigwa, mpigaji husikia maneno ya watu wa safu ya kwanza, na upande wa mashabiki wenye ngoma na tarumbeta, waliovaa nyeusi na nyeupe za Kunguru, wimbo hauishi kwa dakika 90.

2012–2014: Kujifunza kuwa mwenyeji

Mwaka 2012 ulianza kwa shangwe iliyotoka ng'ambo ya mpaka. Tarehe 12 Februari, Libreville, Zambia ilitwaa Kombe la Afrika, na penalti ya ushindi ilipigwa na Stoppila Sunzu, beki wa Mazembe. Rainford Kalaba, mwenzake wa Mazembe, alikuwa naye kwenye kikosi hicho. Lubumbashi ilisherehekea kana kwamba kombe ni lake.

Katika Ligi ya Mabingwa timu ilifika nusu fainali, ikatoka 0-0 na Espérance Kamalondo, ikafungwa 1-0 Tunis. Mwaka 2013 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikachapwa 2-0 na CS Sfaxien ugenini, ikashinda 2-1 nyumbani tarehe 30 Novemba, na ikakosa kombe kwa bao moja. Mwaka 2014 AS Vita ya Kinshasa iliitoa katika nusu fainali. Mara tatu mfululizo Kamalondo ilifika mlangoni pa sherehe na haikuingia.

8 Novemba 2015

Msimu wa 2015 ndio uliompa kila mtu wa Lubumbashi sababu ya kusema uwanja huu umezaliwa kweli. Kocha alikuwa Mfaransa Patrice Carteron. Katika hatua ya makundi, Moghreb Tetouan ya Morocco ilifika Kamalondo na kuondoka imefungwa 5-0, Samatta akipachika mabao matatu. Katika nusu fainali El Merreikh ya Sudan ilikuwa imeshinda 2-1 Omdurman. Kamalondo ikaifunga 3-0.

Fainali ilikuwa na USM Alger. Tarehe 31 Oktoba, mjini Algiers, Kalaba alifunga la kwanza na Samatta la pili kwa penalti, Mazembe ikashinda 2-1. Wiki moja baadaye, tarehe 8 Novemba, mkondo wa pili ulichezwa Kamalondo. Uwanja ulijaa saa nyingi kabla ya mchezo. Waalgeria walihitaji mabao mawili na walicheza kama watu wanaojua hivyo. Hadi dakika ya 75 hakukuwa na bao. Ndipo ikaja penalti, Samatta akaiweka wavuni, na katika dakika za nyongeza Roger Assalé akaongeza la pili. Jumla 4-1. Kombe la tano la Afrika, na la kwanza kuinuliwa kwenye uwanja wa klabu yenyewe.

Samatta alimaliza mashindano na mabao 7, na hakuna aliyemzidi. Januari 2016, mjini Abuja, CAF ilimtangaza mchezaji bora wa Afrika anayecheza ndani ya bara. Mwezi huo huo akahamia Genk ya Ubelgiji. Mtoto wa Mbagala aliyekuja na jezi ya wapinzani aliondoka akiwa miongoni mwa wapendwa wakubwa wa Kamalondo, na mpaka leo Watanzania wanaotembelea Lubumbashi huulizwa habari zake.

2016–2017: Miaka miwili ya mavuno

Tarehe 20 Februari 2016 Super Cup ya Afrika ilichezwa Kamalondo, Mazembe ikaifunga Étoile du Sahel 2-1. Baadaye mwaka huo timu ikatoka Ligi ya Mabingwa na kuangukia Kombe la Shirikisho, na chini ya Hubert Velud ikafika fainali: sare 1-1 na MO Béjaïa nchini Algeria, kisha ushindi wa 4-1 nyumbani tarehe 6 Novemba. Mwaka 2017 taji hilo lilitetewa dhidi ya SuperSport United ya Afrika Kusini, 2-1 Kamalondo na 0-0 Pretoria. Safari hii benchini alikuwa Pamphile Mihayo, mwana wa nyumbani aliyevaa jezi ya Mazembe katika mechi za Abu Dhabi mwaka 2010. Klabu iliyokuwa ikiagiza makocha Ulaya ilipata kombe la bara kwa mkono wa mtu wake.

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1939 | Wabenedikto wa Saint-Boniface waanzisha timu |
| 1967, 1968 | Ubingwa wa Afrika mara mbili mfululizo |
| 1997 | Moïse Katumbi ashika urais wa klabu |
| 2009, 2010 | Ubingwa wa Afrika mara mbili tena. Fainali ya dunia Abu Dhabi |
| 2011 | Uwanja wa Kamalondo wafunguliwa. Klabu yaondolewa Ligi ya Mabingwa |
| 2013 | Fainali ya kwanza ya bara Kamalondo, dhidi ya CS Sfaxien |
| 2015 | Kombe la tano la Afrika lainuliwa Kamalondo |
| 2016 | Super Cup na Kombe la Shirikisho |
| 2017 | Kombe la Shirikisho latetewa |
| 2021 | Timu ya taifa yaikaribisha Tanzania, 1-1 |
| 2024 | Ubingwa wa 20 wa Kongo. Wanawake watwaa ubingwa wa Afrika |

2018–2025: Wageni wa Kiswahili

Baada ya 2017 makombe ya bara yalipungua, lakini uwanja haukupoa. Kilichoupa uhai ni jirani wa mashariki. Tarehe 13 Aprili 2019 Simba ilirudi Lubumbashi katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, baada ya 0-0 Dar es Salaam. Emmanuel Okwi alifunga dakika ya pili na Kamalondo ikanyamaza. Kisha ukaja ule mchezo wa kasi juu ya nyasi bandia, na mpaka kipenga cha mwisho ilikuwa 4-1.

Septemba 2021 ilikuwa zamu ya Taifa Stars ya Tanzania na Leopards ya Kongo, katika kufuzu Kombe la Dunia la 2022, sare ya 1-1. Aprili 2023 Yanga ya Dar es Salaam ilifanya jambo ambalo wageni wachache wamelifanya hapo: ilishinda 1-0, kwa bao la Farid Mussa, katika mwaka ambao ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho. Desemba 2024 Yanga ilirudi, ikasawazisha mwishoni na kuondoka na 1-1. Mechi hizi zina ladha ya pekee. Watu wa majukwaa na watu wa benchi la wageni wanatupiana maneno na wote wanaelewana. Nadhani hakuna uwanja mwingine wa Kongo ambako Kiswahili cha Ilala na cha Kamalondo vimekutana mara nyingi namna hiyo.

Miaka hiyo ilionyesha pia mipaka ya uwanja. Oktoba 2023, Mazembe ilipoalikwa kwenye African Football League, mechi yake ya nyumbani dhidi ya Espérance ilichezwa kwenye uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Ilishinda 1-0, lakini mbali na watu wake. Viti 18,500 vilitosha mwaka 2011. Leo mashindano yanakua, masharti yanakua, na mahitaji ya televisheni yanakua. Aprili 2024 Kamalondo ilijaa tena kwa nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, 0-0 na Al Ahly ya Cairo, timu ikiwa chini ya Lamine N'Diaye, Msenegali yule yule aliyekuwa kocha Abu Dhabi. Marudiano yaliisha 3-0 kwa Wamisri.

Mwaka huo huo nyumba ilipata watoto wengine wa kujivunia. Novemba 2024, nchini Morocco, timu ya wanawake ya Mazembe iliifunga AS FAR 1-0 na kutwaa Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Afrika. Msichana wa Lubumbashi anayepita leo kwenye lango la Kamalondo anaweza kuota kombe la bara kama kaka yake.

Maniema inatazama

Reli inayotoka Kindu hupita Kibombo na Samba, hapo ambapo watu wa Kasongo hupandia, ikashuka Kongolo, Kabalo na Kamina hadi Lubumbashi. Treni hazina ratiba ya kutegemewa, lakini njia ipo, na kwa njia hiyo vijana wengi wa Maniema wamekwenda kutafuta kazi na kurudi na jezi nyeusi na nyeupe. Wanaobaki Salamabila, karibu na dhahabu ya Namoya, hucheza jioni wakitoka machimboni, magoli ya miti, mistari ya majivu.

Na mkoa wetu nao umefika bara. AS Maniema Union ya Kindu ilicheza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa msimu wa 2024–2025, ikaenda Pretoria na kuishikilia Mamelodi Sundowns 0-0. Lakini mechi zake za nyumbani ilizichezea Kinshasa. Watu wa Kindu hawakuiona timu yao ikipokea mgeni hata mmoja. Mazembe ilianza hivyo hivyo, ikicheza mahali pasipo pake, tofauti ni kwamba angalau ilikuwa ndani ya mji wake.

Wakaguzi wa CAF hawaombi miujiza. Huangalia taa, viti, vyumba vya kubadilishia nguo, chumba cha daktari na cha kupima dawa zilizokatazwa, nafasi ya waandishi, milango ya dharura inayofunguka, na kiwanja ambacho mvua haikiharibu. Kamalondo iliyapanga hayo kwa fedha na usimamizi wa klabu, ikaanza na viti 18,500 badala ya kusubiri 50,000, na miaka minne baadaye ikainua kombe humo humo. Kindu inaweza kuanza na viti vichache kuliko hivyo. Uwanja upo tayari, unabeba jina la Joseph Kabila Kabange. Unahitaji kiwanja, taa na vyumba, na serikali ya mkoa, klabu na kampuni zinazochimba ardhi ya Maniema zinajua bei yake kuliko sisi.